Neno Nililomjibu Mama Yako

Makena mwanangu,

Kazi yangu imenizoesha kuanza barua kwa namba ya kumbukumbu, kisha KUH: kwa herufi kubwa, kisha mada iliyopigiwa mstari. Nimekaa hapa mezani nikiitafuta mada ya barua hii na sijaipata, kwa hiyo nimeanza na jina lako. Naandika kwa kalamu kwa sababu nikiandika kwa simu nitaingiliwa. Hata sasa inatetemeka kando ya kikombe. Ni grupu ya walimu. Kesho ni siku ya wazazi wa Gredi ya Kumi, na Mwalimu Mkuu anauliza tena nani atapiga picha langoni na nani atazituma kwenye ukurasa wa shule. Wa kupiga ni mimi. Wa kutuma ni mimi. Anajua, lakini anauliza.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Shuka, ndoo, kufuli, hayo umeyapanga mwenyewe, na najua ukipitia Kanja anakofundisha mama yako, njiani kwenda chuo, atalifungua na kulipanga upya. Nataka kukuambia yale ninayoshindwa kukuambia kwa mdomo, kwa sababu kila nikianza kuyasema simu hulia, na nikikosa kusikia ikilia, mimi mwenyewe huomba ilie.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichotongozania mimi na mama yako, Mmeru na Mwembu, kila mmoja akiona aibu na lafudhi yake. Huenda siku moja ukamsomea.

Unakwenda kusomea ualimu kama yeye. Mimi si mwalimu. Mimi ni karani wa shule, nilikupata nikiwa na miaka kumi na tisa, na hadi leo, mzee wa binti anayeingia chuo, Mwalimu Mkuu huniita kijana. Mkataba wangu na bodi ya shule ni wa mwaka mmojammoja. Kila Desemba hukaa nikisubiri kuitwa, kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Unanijua. Wewe ndiye husema, “Baba, hata ukipiga chafya unaomba ruhusa.” Huwa nacheka, lakini ni kweli. Uoga una adabu nyingi, na watu wakiiona adabu hiyo hukusifu, na ukisifiwa huwezi tena kuiacha.

Zamani tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa chumba cha walimu. Ukilipita umelipita, kesho utaliona. Sasa linakuja mfukoni, uko shambani, uko kanisani, uko chooni, na sheria ya Mwalimu Mkuu ni kwamba kila mtu ajibu. Wengi hujibu kwa Kiingereza. Mimi hujibu “Imepokelewa”, kwa sababu mwalimu wangu wa Kiswahili kule sekondari ya Kanyakine alikuwa mkali, na neno hilo likikaa peke yake huonekana kama mtu aliyesimama wima. Baada ya muda Mwalimu Mkuu hunipigia. “Kijana, nani hajajibu?” Nami hufungua, natazama alama za buluu zinazoonyesha nani amesoma, namsomea majina ya waliosoma na kunyamaza.

Siku moja nilisoma jina la Mwalimu Kirimi. Alikuwa ameuona ujumbe akiwa kwenye foleni ya hospitali, amembeba mtoto anayekohoa. Aliporudi akaambiwa aandike barua ya kujieleza, na barua yenyewe ikapita mezani kwangu, nikaipiga muhuri. Hakunikasirikia. Alikuja ofisini na kikombe chake cha chai, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, “Karani, wewe hata ukifa utajibu ukiwa kaburini. Imepokelewa!” Walimu wakacheka, na tangu hapo jina langu kwenye chumba cha walimu ni Bwana Imepokelewa. Nami nilicheka. Lakini nilielewa wanachosema. Nimefungiwa ndani pamoja nao, ila mimi nimepewa funguo nizishike, na si za kufungulia.

Sasa nikukumbushe usiku wa ugali. Mama yako alikuwa ameshahamishiwa Kanja, tumebaki wawili. Ulipakua, ukaketi, ukaniangalia. Mimi nilikuwa nimeinamia simu. Ukachukua ya kwako na kunitumia ujumbe kutoka upande wa pili wa meza: “Baba, ugali unapoa.” Sikuinua kichwa. Niliandika “Imepokelewa”. Ulicheka hadi ukapaliwa na sukuma wiki, nikaja kukupiga mgongoni, tukacheka wote. Wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa na haki ya kukiona ni kichekesho. Mimi ndiye niliyefaa kushtuka.

Kanisani, ile Jumapili ya familia, mhubiri alisema tuzime simu tukifika nyumbani, na akina mama wakapiga makofi. Niliketi nikijiuliza mama yako angekaa wapi. Maana mama yako yumo ndani ya simu hiyohiyo. Uhamisho haukutuuliza. Alipelekwa upande wa kwao, ng'ambo ya Chuka, na akawa anakuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine haji kwa sababu ya nauli au ya kuchuma kahawa ya nyanya yako. Unakumbuka alivyokuwa akitutumia sauti ya jogoo asubuhi? “Sikieni. Jogoo wa Waembu ameamka, wa Wameru bado anakoroma.” Nyumba yetu iliishi kwa sauti kama hizo. Nikizima simu, nazima ofisi na mke kwa kidole kimoja. Kwa hiyo sikuzima. Na kwa sababu sikuzima, ofisi ikaingia, ikaketi kwenye kiti cha mama yako.

Habari ya video unaijua, lakini hukuwahi kuisikia kutoka kwangu.

Mama yako ni mwalimu mzuri kuliko anavyojua. Alianza kurekodi vipindi vyake vifupi, sehemu za namba kwa ndizi, vipimo kwa debe la maji, na walimu wa mbali wakawa wanamwandikia. Mmoja wa Kibirichia alimwambia amefundisha vivyo hivyo kwa viazi. Jioni, katika chumba chake cha kupanga, alikuwa akiwajibu mmojammoja. Nilijua hilo kwa sababu aliniambia, na nilimwambia ni vizuri. Sikujiuliza kwa nini mtu achoke mchana kutwa na watoto kisha jioni aongee na wageni. Alikuwa mpweke, Makena. Mimi pia nilikuwa mpweke. Tulikuwa na simu mbili nzuri.

Katika video moja alimwita kijana mdogo mbele akampa ndizi, aigawanye sehemu nne. Mtoto akagawanya vizuri sana. Mama yako akamwambia, “Ondoa robo moja.” Mtoto akaiondoa, akaila. “Ondoa nyingine.” Akala. Alipoulizwa zimebaki robo ngapi, alikuwa anatafuna ya mwisho. Akasema, “Hakuna iliyobaki, mwalimu.” Darasa likaangua kicheko, mama yako akacheka, akaituma. Watu wengi waliitazama kuliko zote. Wakaandika chini yake kwamba huyu hajala tangu jana, wakaweka vikatuni vya kucheka. Na ilikuwa kweli. Hakuwa amekula tangu jana.

Mama ya mtoto aliiona kwenye simu ya jirani. Alikuja shuleni wakati wa mapumziko, akasimama uwanjani mbele ya watoto, akasema, “Mwalimu, mtoto wangu si sinema.” Kisha akalia.

Jioni hiyo mama yako aliniandikia. Nilikuwa nimeketi hapa ninapoketi sasa. Mwalimu Mkuu alikuwa ametuma matangazo mfululizo kuhusu wakaguzi, na mimi nilikuwa nayajibu moja baada ya jingine. Ujumbe wa mama yako uliingia katikati yake. Nimeutunza hadi leo. “Baba Makena, kesho nimeitwa ofisini juu ya ile video. Mama ya mtoto amelia mbele ya watu. Naogopa. Nipigie nisikie tu sauti yako.”

Nikikuambia sikuusoma nitakuwa nakudanganya. Niliusoma jinsi ninavyosoma kila kitu, nikitafuta kama kuna kosa langu ndani yake. Nikaona halimo. Nikajibu “Imepokelewa”, nikaendelea na la wakaguzi.

Halafu nililala vizuri. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote.

Watu wasiomjua kabisa walikuwa wakimwambia hongera, mwalimu, na Mungu akubariki. Mimi niliyemjua nilimjibu kama ninavyomjibu Mwalimu Mkuu. Sikujua nimefanya nini mpaka kesho yake mchana, nilipokuwa nashusha kidole kutafuta tangazo fulani na nikaliona neno langu limesimama wima chini ya maneno yake. Nilimpigia. Hakushika. Nilimwandikia samahani. Alama zikageuka buluu. Mtu anayejua maana ya buluu kama mimi hahitaji kuambiwa.

Hakugombana nami. Angegombana ningejua pa kuanzia. Aliacha tu kuniletea mambo. Jogoo hakuja tena. Wiki iliyofuata alikupigia wewe: “Mwambie baba yako ng'ombe achanjwe.” Nami nikakuambia, “Mwambie mama yako amechanjwa.” Mwanzoni ilionekana ni urahisi tu. Baadaye tukazoea. Nilikuwa nakaa chumba hikihiki, naisikia sauti yake ikitoka kwenye simu yako, kila neno, na mkimaliza unanigeukia na kunieleza tena kana kwamba sikuwepo. Nami naitikia kana kwamba ni mapya. Umetubeba hivyo mwaka mzima, mwanangu, ukisoma, ukifanya mtihani, na hujawahi kulalamika hata siku moja. Nimekuwa nikikuangalia na kunyamaza kwa sababu nafuu ilikuwa yangu.

Kesho unaondoka, na simu yako inaondoka nawe.

Uliporudi kutoka Kanja likizo ile ulinisimulia habari ya uji. Ulidhani sisikilizi kwa sababu nilikuwa nimeshika simu. Nilisikiliza. Ulisema mama yako alinunua sukari na unga, akaiacha simu yake kitandani, akakwambia, “Twende, na ya kwako iache.” Mkashuka bondeni, mkapanda hadi kwa mama ya yule mtoto wa ndizi. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakusimama. Akamtazama mama yako mikononi.

“Leo umekuja na kamera gani, mwalimu?”

“Sina. Nimekuja na mikono.”

“Haya. Kaa basi, ifanye kazi.”

Na ulisema mama yako akaketi kwenye kigogo, akavuta karai, mkapukuchua watu watatu bila neno mpaka karai likajaa. Vidole vya mama yako vilichubuka. Ndipo yule mama akaingia jikoni akatoka na uji. Sisi wa huku, na wao Waembu vilevile, tunajua uji wa namna hiyo. Mtu uliyemkosea akikupa uji kwake, anakuambia kaa. Ukiukataa, umemkosea mara ya pili. Mama yako aliunywa wote, pamoja na mashapo. Yule kijana akatokea nyuma ya nyumba, akamwangalia sana, akauliza, “Mwalimu, ndizi umeleta?”

“Mama yake ndiye alicheka wa kwanza,” uliniambia.

Nilikwambia, “Vizuri.” Kisha nikatoka nje nikasimama kando ya zizi. Nilikuwa nawaza kwamba mimi singeweza kufanya hivyo. Ningeandika barua ya kuomba radhi, aya tatu, nakala kwa Mwalimu Mkuu. Mama yako alikosa kama nilivyokosa mimi, kwa kitu kilekile cha mfukoni, lakini yeye alijua njia ya kurudi ilipo. Ilikuwa ya miguu.

Utakuwa mwalimu, Makena. Utaingizwa kwenye magrupu kabla hujapewa chaki. Utaombwa picha za ushahidi kwamba ulifundisha, na siku nyingine utafundisha vizuri hata utake mtu aone, na hakutakuwa na mtu karibu wa kuona. Sina ratiba ya kukupa ya saa ngapi ushike simu na saa ngapi uiweke. Mtu asiyejua kuogelea hafundishi kuogelea. Lakini nimejua haya mawili, na yote mawili yalilipiwa na mama yako. Kabla hujainua simu kumpiga picha mtoto, ujue amekula nini. Na kabla hujajibu, tazama jina. Usitazame ujumbe kwanza. Tazama jina, ukae nalo kidogo, umwone mtu mwenyewe alipoketi. Jambo dogo kabisa, na mimi lilinishinda.

Jumapili tulipokuwa tunamenya viazi uliniuliza, “Baba, si utanisindikiza?”

Nikasema, “Tutaona.”

“Ukisema tutaona, baba, mimi najua tumeshaona.” Ukaendelea kumenya. Kisha ukasema bila kuniangalia, “Mama ameuliza. Amesema, muulize baba yako kama anakuja.”

Huenda hukujua uzito wake. Tangu ile jioni mama yako amenitumia kupitia kwako maagizo ya ng'ombe, ya karo, ya paa linalovuja. Hajawahi kunitumia swali. Lile lilikuwa la kwanza, na nililijibu kwa kukwambia kuna siku ya wazazi, Mwalimu Mkuu hawezi kunielewa, na Desemba iko karibu. Ulisema, “Sawa, baba. Mama atanipokea Kanja.” Ndivyo barua hii ilivyoanza. Nilikuwa nakuandikia kwa sababu singekuja.

Hapo juu nilipofika kwenye uji nimeiweka kalamu chini.

Nimempigia Mwalimu Kirimi. Nimemwomba anishikie picha za kesho. Amesema, “Karani! Leo wewe ndiye unaomba kitu?” Nikamwambia namsindikiza binti yangu. “Nenda, bwana. Nitapiga wazazi, nitapiga lango, nikikosa watu nitapiga hata mbuzi wa jirani.” Nikataka kumwambia habari ya ile barua yake ya kujieleza. Akaniwahi. “Mtoto alipona kitambo. Nenda.”

Kisha nimemwandikia Mwalimu Mkuu. Nimeandika, nimefuta, nimeandika. Mwishowe imekuwa hivi: “Mwalimu, naomba ruhusa ya kesho. Namsindikiza binti yangu chuoni. Mwalimu Kirimi atapiga picha.” Nimetuma. Alama zimegeuka buluu papo hapo. Juu ya jina lake naona anaandika. Anaacha. Anaandika tena. Anaacha.

Sijamsubiri. Nimelitafuta jina la mama yako, nikakaa nalo kidogo. Nikamwona kwenye kile chumba, taa imewaka, madaftari ya watoto yamepangwa kitandani kwa sababu meza haitoshi. Ndipo nikapiga. Ameshika mara moja.

“Kuna nini? Nani amekufa?”

“Hakuna aliyekufa.”

“Makena ako sawa?”

“Amelala. Wawira, umeuliza kama nakuja. Nakuja.”

Nimesikia daftari likifungwa.

“Na kazi?”

“Nimeomba. Hajajibu.”

“Akikataa?”

Nimetaka kusema tutaona. Nimelimeza. Nimesema, “Nitakuwa Kanja.”

Halafu mama yako, kwa sauti ya chini, na bila haraka yoyote, amesema, “Imepokelewa.”

Sijui alikuwa anacheka au analia. Kwa simu huwezi kujua. Nitajua kesho nikimwona.

Basi barua nitakupa mkononi tukishafika, usome nikiwa nimeshageuka kurudi, kwa sababu kuna mengine humu siwezi kuyasikia yakisomwa. Sijawa jasiri, mwanangu, usije ukadhani. Huenda mwaka ujao nikawa nyumbani nachunga ng'ombe yule aliyechanjwa, na ukiniuliza wakati huo kama nilifanya vizuri huenda nikaanza kuogopa upya. Mwalimu Mkuu bado anaandika na kuacha. Naona mwanga wake pembeni ya karatasi. Nimeilaza simu kifudifudi, na nimekwenda kuyatoa viatu vyangu vya safari nikaviweka mlangoni karibu na sanduku lako, ili ukiamka kwanza uvione.

Wako,
Baba